Nyuzi na Ulimbo: Maelezo ya Maada Ambatani na Maneno Yake

Makusudi ya makala hii ni kueleza aina ya maada itumiwayo sana katika ufundi wa zama hizi, jinsi ifanywavyo, na maneno ambayo Kiswahili kinayo, au kinaweza kuyapata bila ya taabu kubwa, kwa kuitaja. Maada yenyewe ni ile ifanywayo kwa nyuzi nyembamba zilizoshikwa pamoja na kitu kingine kilichoganda kati yao. Boti nyingi ndogo ziendazo kwa mashine katika pwani yetu zimeundwa kwa maada hiyo. Ndiyo ifanyayo mapanga ya vinu 365 vya upepo vya Ziwa Turkana, vilivyozinduliwa rasmi mwaka 2019, na ndiyo ifanyayo karibu nusu ya uzito wa kiunzi cha ndege aina ya Boeing 787. Watu wa pwani huiita "faiba". Jina hilo ni fupi, na limekwisha kuenea. Walakini nitajaribu kuonyesha kwamba lina upungufu, na kwamba upungufu wa maneno katika ufundi huu si jambo la wanafunzi wa lugha peke yao.

Nilitambua hayo siku moja nilipozuru karakana ya kuundia boti. Fundi mkuu, mzee mpole mwenye subira na wageni, alinionyesha vyombo viwili vidogo vilivyowekwa mbalimbali, kimoja pembe hii na kingine pembe ile. Nilimwuliza, "Mzee, ndani yake mna nini?" Akanijibu, "Hii ni dawa, mwalimu, na ile pia ni dawa." Nikauliza kwa nini basi zisiwekwe mahali pamoja. Akasema, "Hizo zikikutana zenyewe kwa zenyewe zitatuunguza sote." Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake alikwisha kuonywa, lakini alionywa kwa kidole wala si kwa neno: hiki usikishike kabla ya kile. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba vitu viwili ambavyo kukutana kwao ni hatari vilikuwa na jina moja, na kwamba usalama wa kijana yule ulitegemea kumbukumbu yake ya pembe mbili za chumba.

Na tuanze na asili ya jambo. Wazo la kuambatanisha vitu viwili ili kila kimoja kifiche udhaifu wa mwenziwe si geni kwetu. Udongo mtupu ukikauka hupasuka na kumeguka. Fito tupu haziwezi kuzuia upepo wala mvua. Lakini fito zikifungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, huwa ukuta udumuo miaka mingi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari ya Waisraeli katika kitabu cha Kutoka, walionyimwa majani makavu ya kuchanganya na udongo wa matofali, wakalazimishwa kuyatafuta wenyewe, kwa kuwa tofali lisilo majani lilikuwa dhaifu. Zege yenye nondo ndani yake yafuata kanuni iyo hiyo: zege yastahimili kugandamizwa, nondo yastahimili kuvutwa.

Katika maada tunayoizungumza, mahali pa fito pana nyuzi za kioo au za kaboni, na mahali pa udongo pana ulimbo. Neno "ulimbo" nalitumia kwa maana pana kidogo kuliko ile ya mtega ndege, yaani kitu chochote kinatacho kama utomvu mzito. Kazi za ulimbo ni tatu: kuzishika nyuzi mahali pake, kuigawa nguvu kutoka uzi mmoja hata mwingine, na kuzikinga nyuzi zisikwaruzwe wala kuharibiwa na maji.

Msomaji ataweza kuuliza: kioo, kitu kivunjikacho upesi namna ile, chawezaje kutia nguvu? Jawabu lilipatikana katika uchunguzi wa mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi Farnborough, uliochapishwa mwaka 1921. Griffith alionyesha kwamba kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko itarajiwayo kwa sababu ya nyufa ndogo mno zilizo juu ya uso wake. Kioo kinapovutwa kuwa uzi, na uzi ule unapozidi kuwa mwembamba, nguvu yake kwa kila kipimo cha unene huzidi sana. Wahenga walisema kuwa kamba hukatikia pembamba. Katika maada hii methali hiyo yageuzwa: wembamba ndio uletao nguvu, na hata uzi mmoja ukikatika, ulimbo huupokeza mzigo wake kwa nyuzi za jirani, na ufa hauendelei mbele.

Uzi wa kioo hufanywa hivi. Mchanga mweupe, chokaa na madini mengine huyeyushwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya digrii 1,400 za Selsiasi. Kioo kilichoyeyuka hushuka katika sahani ya platini yenye mamia, au hata maelfu, ya matundu madogo, nacho huvutwa kwa kasi kubwa kikawa nyuzi. Unene wa uzi mmoja huwa kwa kawaida kati ya sehemu 10 na 20 za milioni ya mita, wembamba kuupita unywele wa mtu. Kabla nyuzi hazijakusanywa pamoja hupakwa dawa nyembamba yenye viini ambavyo upande mmoja hushika kioo na upande wa pili hushika ulimbo. Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini ndilo moyo wa shughuli yote. Kwani uzi wenye nguvu usioshikamana na ulimbo ni sawa na nondo iliyopakwa mafuta kabla ya kumwagiwa zege. Kazi hii ya nyuzi za kioo ilikuzwa nchini Marekani katika miaka ya 1930, na kampuni ya Owens-Corning ilianzishwa mwaka 1938 kwa ajili hiyo.

Uzi wa kaboni una njia nyingine, na mchomaji mkaa wa kwetu angeielewa mara moja. Yeye huzifunika kuni kwa majani na udongo ili hewa isipate kuingia. Kuni haziwi jivu, bali huwa mkaa. Vivyo hivyo uzi wa kiwandani huokwa kwanza katika hewa kwa joto la digrii 200 hadi 300 huku umevutwa usijikunje, kisha hutiwa katika tanuri lisilo na hewa kwa joto la zaidi ya digrii 1,000, hata vitu vingine vyote vikatoka na kaboni ikabaki peke yake. Thomas Edison alikwisha kutumia uzi wa pamba uliochomwa namna hiyo katika taa yake ya mwaka 1879, lakini nguvu haikuwa haja yake. Nyuzi zenye nguvu kubwa zilipatikana baada ya kazi ya Akio Shindo huko Japani, karibu na mwaka 1961, na ya wataalamu wa Farnborough katika miaka iliyofuata.

Sasa natuutazame ulimbo. Uko wa jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ni kama nta: hulainika kwa joto, ikaganda kwa baridi, ikalainika tena. Jamaa ya pili ni kama yai: likiisha kuchemshwa halirudi kuwa ute tena. Ulimbo wa boti ni wa jamaa hii ya pili. Mara nyingi huwa ni poliesta iliyoyeyushwa katika stirini, maji mazito mfano wa asali, yenye harufu kali ambayo haifai kuvutwa sana kifuani. Ili ulimbo ugande hutiwa vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi ya kobalti, ambayo huhimiza mwendo wa kuganda. Mara nyingi kiwanda huitia kabla ya kuuza. Cha pili ni peroksidi, ambayo fundi huitia mwenyewe dakika chache kabla ya kazi, kwa kiasi cha sehemu 1 au 2 katika 100. Ikizidi, ulimbo hupata moto mno, ukapasuka na kujipinda. Ikipungua, hubaki laini. Tone la peroksidi likiingia jichoni laweza kupofusha. Na vitu hivi viwili, kobalti na peroksidi, havichanganywi vyenyewe kwa vyenyewe kamwe: vikikutana nje ya ulimbo huwaka au hulipuka. Kimoja hukorogwa kwanza ndani ya ulimbo hata kikaenea kabisa, ndipo cha pili kitiwapo.

Njia ya kale na nyepesi ya kuunda ndiyo ile itumiwayo katika karakana za pwani. Kwanza pana kalibu, yenye umbo la boti lililogeuzwa ndani nje, kwa kuwa uso wa ndani wa kalibu ndio utakaokuwa uso wa nje wa chombo. Kalibu husuguliwa hata ing'ae, kisha hupakwa nta ili chombo kisinate nayo. Hupakwa baadaye tabaka la ulimbo wenye rangi bila ya nyuzi, ambalo ndilo litakalokuwa ngozi ya boti. Tabaka hilo likiisha kushika kiasi, fundi hupaka ulimbo, hutandika nyuzi, huongeza ulimbo kwa brashi, kisha hupitisha rola ya chuma yenye mifuo ili kutoa viputo vya hewa. Kila kiputo kilichosalia ni mlango wa maji na mwanzo wa ufa. Tabaka hufuata tabaka mpaka unene utimie. Kwa nyuzi zilizokatwakatwa, uzito wa ulimbo huwa kama mara mbili au zaidi ya uzito wa kioo. Chombo kikiganda sawasawa hutolewa katika kalibu, nayo kalibu hubaki tayari kwa kingine.

Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kutua kidogo. Kazi niliyoieleza ina neno lake tangu zamani, nalo ni kukandika. Mwenye kukandika ukuta huutia udongo kwa mkono juu ya fito, akaushindilia usiwe na tundu, akaulainisha uso wake. Mwunda boti afanya yayo hayo. Kwa nini basi tulitafute jina lingine? Lakini si kila neno la zamani lafaa. Tandiko la nyuzi zilizokatwakatwa huitwa na baadhi ya watu "mkeka". Mkeka wetu ni kazi ya msusi. Kila ukindu una njia yake, na njia hiyo yajulikana mwanzo na mwisho. Nyuzi za tandiko lile hazina njia. Zimelala ovyo kama makumbi ya nazi yaliyogandamizwa. Neno "mkeka" lingefaa zaidi kwa kitambaa ambacho nyuzi zake zimekatana kwa utaratibu, na lile la kwanza liitwe "tandiko" tu. Tofauti hii si ya mapambo. Maada hii ina nguvu katika mwelekeo wa nyuzi zake, na ni dhaifu kwa kukingama nazo. Asiyetofautisha tandiko na mkeka hawezi kujua nguvu imeelekea wapi.

Ziko njia nyingine za kuunda. Ya kwanza ni kupulizia, ambapo bomba maalumu hukata nyuzi na kuzirusha pamoja na ulimbo juu ya kalibu. Ya pili ni kufyonza: nyuzi kavu hutandikwa katika kalibu, hufunikwa kwa karatasi ya plastiki na kuzibwa kingo zote, kisha hewa hutolewa kwa mashine, na ulimbo hujivuta ndani wenyewe kujaza mahali pake. Ya tatu ni kuzonga: nyuzi zilizolowa ulimbo huzongwa juu ya gogo lizungukalo, na kwa njia hiyo hufanywa mabomba na mitungi ya gesi. Ya nne ni kuvuta: nyuzi zilizolowa hupitishwa katika tundu lenye umbo na joto, zikatoka upande wa pili zimekuwa fimbo ndefu iliyoganda. Masonara wetu wanalo jina la bamba lenye matundu ambamo huvutia waya wa fedha au dhahabu, yaani chamburo. Nami sioni jina bora kwa chombo cha kazi hii.

Kwa ndege hutumiwa njia yenye uangalifu zaidi. Nyuzi za kaboni hutiwa ulimbo wa epoksi kiwandani, zikawekwa katika baridi kali zisigande kabla ya wakati. Kisha hutandikwa tabaka kwa tabaka, kila moja kwa mwelekeo wake, zikafunikwa, zikatolewa hewa, na kuokwa katika tanuri lenye kani kubwa ya hewa, kwa joto la digrii kama 180. Boeing 787 ilianza kubeba abiria mwezi wa Oktoba 2011. Shirika la Kenya Airways lilipata ndege yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2014, na Air Tanzania mwezi wa Julai 2018. Kwa hiyo mtu asafiriye kutoka Dar es Salaam kwa ndege hiyo yu ndani ya chombo kilichokandikwa, ingawa kwa mikono ya mashine.

Isidhaniwe kwamba maada hii haina aibu. Kampuni ya Rolls-Royce ilijaribu katika miaka ya 1960 kufanya mapanga ya injini yake ya RB211 kwa nyuzi za kaboni. Mwaka 1970 mapanga hayo yalishindwa katika jaribio la kugongwa na ndege wa angani, ikabidi yafanywe kwa titani. Na gharama ya injini hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kampuni kufilisika mwezi wa Februari 1971. Boti ya nyuzi na ulimbo haiozi, wala hailiwi na wadudu wa baharini watobozao mbao. Lakini ikikandikwa vibaya maji huingia polepole, uso wake ukafanya malengelenge. Vumbi lake wakati wa kusugua huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Na kwa kuwa ulimbo wake ni wa jamaa ya yai, boti kuukuu haiyeyushwi ikafanywa nyingine. Jahazi la mbao likifa lilikuwa kuni. Boti hii ikifa hubaki ufukoni.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamezirudia nyuzi za mimea. Hilo nalo si jipya: mwaka 1940, huko Duxford, Uingereza, Norman de Bruyne alitengeneza kiwiliwili cha majaribio cha ndege ya Spitfire kwa nyuzi za kitani na ulimbo. Siku hizi viwanda vya magari vya Ulaya hutumia kitani na katani katika mbao za ndani za milango. Katani twaijua. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000. Uzi wa katani ni mwepesi kuliko kioo na hauwashi mapafu vile; lakini hunywa maji, kwa hiyo hushikamana vibaya na ulimbo mpaka usafishwe kwa dawa. Hapa tena twakutana na jambo lile lile: si nguvu ya uzi wala ya ulimbo, bali ni kushikamana kwao.

Nalirudia sasa jina la "faiba". Upungufu wake ni kwamba lataja nusu ya kitu na kuificha nusu ya pili. Asikiaye "boti ya faiba" hudhani kwamba nyuzi ndiyo boti, akaongeza nyuzi na kubania ulimbo, au akanunua ulimbo wowote apatao kwa bei nafuu. "Mchanganyiko" nao haufai, kwa kuwa sukari na chai ni mchanganyiko, na ukiisha kuzichanganya hukioni kimoja wala kingine. Katika sarufi yetu tunayo istilahi ya nomino ambatani, kama vile "mwanamaji", ambamo maneno mawili yamekuwa moja bila ya lolote kupoteza sura yake. Kwa kuifuata, napendekeza maada hii iitwe maada ambatani. Faiba na libaki sokoni, kwani lugha ya sokoni haitungiwi sheria. Lakini katika kitabu na darasani natutaje sehemu zote mbili.

Na zile dawa mbili? Nilifikiri kwanza kuiita peroksidi "kianzishi", kwa kuwa kwa hakika ndiyo ianzishayo kuganda. Kisha nikaona mtego: mwanafunzi akisikia kianzishi atakitia kwanza, na desturi ya kazi yataka kitiwe mwisho. "Kichocheo" nalo lafaa kwa vyote viwili, kwa hiyo halitenganishi. Napendekeza basi kobalti iitwe kichapuzi, kutokana na kuchapuza mwendo, na peroksidi iitwe kigandishi, kwa kuwa ikiisha kutiwa kazi haingoji tena. Kichapuzi kwanza, kigandishi mwisho, wala visikutane nje ya ulimbo: maneno hayo mtoto wa karakana aweza kuyashika kwa siku moja.

Nilimpelekea fundi yule maneno haya mawili. Aliyasema polepole, akacheka kidogo, akamwita kijana wake ayaseme. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akayaandika juu ya vyombo, kila kimoja lake. Vyombo vyenyewe aliviacha katika pembe zile zile mbili, na nadhani alifanya vyema.